Dobi Aliyegoma Kufuta Kifo Jukwaani

Saa nne na robo asubuhi. Mashine tatu kubwa zinazunguka kwa pamoja katika chumba cha kufulia cha hospitali, na ukitaka kusikika humu lazima upige kelele. Mwanamke mfupi aliyevaa aproni ya plastiki na mabuti ya mpira anavuta toroli la mashuka kutoka mlangoni. Anafungua fundo la kwanza, anaangalia, anafungua la pili. Midomo yake inacheza. Ukimwona kwa mbali utadhani anasali.

Hasali. Anatafuta maneno ya kumpa mtu habari mbaya.

"Keti kwanza," anasema, na mashine zinameza sauti yote. Kisha anatikisa kichwa. "Hapana. Akiambiwa keti ameshajua. Asiambiwe akae."

Anafuta mikono kwenye aproni, anachomoa kalamu aliyoichomeka kwenye kitambaa cha kichwa na kuandika maneno mawili nyuma ya karatasi ya orodha ya mashuka. Wenzake hawageuki hata kumtazama. Wamemzoea.

Kwa wale wanaoigiza michezo yake, dobi huyu mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja anaitwa Mama Kimya. Si kwamba ni mkimya, maana mdomo wake hauna breki, na waandishi wa habari tunajua hilo vizuri kuliko wengi. Jina limetoka kwenye maandishi yake. Katikati ya mazungumzo huandika neno moja peke yake katika mstari, "Kimya," na ole wake mwigizaji atakayeliruka.

Amefua mashuka ya hospitali hii kwa miaka kumi na saba. Zamu moja ina mashuka yasiyopungua mia tatu, na mshahara wa mwezi, kwa maelezo yake mwenyewe, hukata roho tarehe kumi na nane. Katika muda huohuo ameandika michezo tisa ya kuigiza. Minne imefika jukwaani. Katika yote tisa kuna mtu anakufa.

Takwimu za vifo anazo dada yake mkubwa, ambaye husoma kila mchezo kabla ya mtu mwingine na kulalamika kila mara. "Kumi na mmoja mpaka sasa," anasema dada huyo, akihesabu kwa vidole. "Mchezo wa tatu alifyeka watatu kwa mpigo. Mtu mpole vile, kuku hawezi kumchinja, lakini mpe kalamu uone!"

Kifo cha kumi na moja ndicho kilichomtia matatani.

Mchezo wake wa tisa unaitwa Chumba cha Samawati, na kisa chake kinaenea kiganjani. Baba anapaka rangi chumba cha binti yake wa miaka tisa, ambaye anatarajiwa kurudi kutoka hospitali saa kumi jioni. Anaingia jirani, mwanamke anayefanya kazi hospitalini hapo. Dakika tano hazijapita, baba akiwa ametoka kufuata stuli ya kusimamia, jirani anawageukia watazamaji na kuwaambia kwamba mtoto amefariki saa sita mchana. Baba anarudi na stuli, anafurahi kumwona jirani yake, anampa brashi. Na kwa saa nzima inayofuata wanapaka rangi.

Basi. Hakuna bunduki, hakuna mchawi, hakuna radi wala ngoma ya kutishia watu. Kuna ukuta unaogeuka samawati kidogo kidogo, na kila aliyekaa pale anajua kwamba ukiisha hakutakuwa tena na pa kujificha.

Mchezo ulipangwa kuoneshwa Jumamosi alasiri, siku ambayo ukumbi wa jamii ungefungua milango yake kwa wageni na wafadhili. Msimamizi wa ukumbi, mtu mwenye heshima zake na rundo la funguo kiunoni, alisoma kurasa zote sitini akazipenda. Zote isipokuwa ya mwisho.

"Mlango ufunguke, mtoto aingie," alimwambia. "Sema hospitali ilikosea jina. Watu wapige makofi, tule keki, twende nyumbani."

"Na huyo mwingine?" Mama Kimya akamuuliza.

"Mwingine yupi?"

"Kama walikosea jina, basi kuna mtoto mwingine amekufa saa sita. Baba yake yuko wapi saa hiyo? Naye anapaka rangi?"

Msimamizi akampa tarehe. Alhamisi, saa kumi jioni, aletewe ukurasa mpya wa mwisho, la sivyo Jumamosi atafutwe mtu wa vichekesho.

Tukiwa waungwana, naye tumsikilize. "Mimi si adui wa sanaa," aliliambia gazeti hili, akiwa ofisini kwake chini ya feni isiyozunguka. "Watu wanaokuja hapa wametoka kubeba mizigo wiki nzima. Misiba wanayo makwao. Ukumbi una viti mia na ishirini, na mara ya mwisho huyu mama alipoleta mchezo, kuna mtu alitoka analia mpaka akasahau mkoba. Aliyeulizwa ni nani? Ni mimi."

Nilipompelekea Mama Kimya maneno hayo alishika kiuno.

"Hao watu mimi nafua mashuka yao," alisema. "Nawajua. Wakilia nyumbani wanaambiwa jikaze. Wakilia kazini wanaambiwa kanawe uso urudi. Mimi nawapa viti mia na ishirini walie wamekaa, halafu eti nawaonea! Nani anayewaonea hapo?"

Ukitaka kujua ukaidi huu umetoka wapi, itabidi urudi chumba cha kufulia.

Mgonjwa anayeruhusiwa huondoka asubuhi, daktari akishapita. Mashuka yake huja na ya wenzake, yamechanganywa. Lakini kitanda kikivuliwa kila kitu mchana, shuka mbili, foronya, blanketi na kifuniko cha godoro, vikafungwa peke yake na kuandikwa namba, dobi hahitaji kuambiwa. Anajua. Mara nyingi anajua kabla ya ndugu wa marehemu, ambao bado wako njiani wanakuja kumjulia hali mgonjwa wao.

Miaka kumi na mmoja iliyopita Mama Kimya alitoka nje kupunga hewa baada ya kupokea fundo la namna hiyo kutoka wodi ya watoto. Kitanda namba nne. Mlangoni akakutana na mwanamume aliyebeba viatu vipya vyekundu vya mtoto, vimefungwa pamoja kwa kamba zake.

"Akaniuliza wodi ya watoto iko wapi," anasimulia. "Akaniambia, binti yangu yuko kitanda namba nne, leo anaruhusiwa. Nikamwambia, panda ngazi, geuka kulia. Ndiyo yote niliyosema."

Dobi haruhusiwi kutoa habari za mgonjwa. Mama Kimya haoni kosa katika sheria hiyo, na anasema hata leo asingemwambia pale mlangoni. Kilichomwingia na kukataa kutoka ni kitu kingine.

"Alizipanda mbilimbili. Nikamsindikiza kwa macho. Zile ngazi ni kumi na nane, nimezihesabu mara ngapi sijui, lakini siku ile hazikuisha. Yeye anapanda anafurahi, mimi chini roho iko mkononi. Hapo ndipo nilipojua mchezo wa kuigiza ni nini. Mimi nilikuwa nadhani ni kile kilichoko juu. Kumbe ni ngazi."

Hajawahi kumwona tena mtu huyo, na hataki aandikwe kama mtu anayetafuta msamaha. "Usiniwekee maneno hayo mdomoni. Mimi sijajisamehe wala sina haraka hiyo. Naandika kwa sababu zile ngazi zipo, na watu wanataka nijifanye hazipo."

Basi kila anachokifanya jukwaani kimejengwa juu ya ngazi hizo. Wengine huficha siri mpaka mwisho. Yeye huitoa mapema, kabla kiti hakijapata joto.

"Nikikuficha nitakushtua mara moja, kama mlango uliobamizwa na upepo," anaeleza. "Nikikuambia mapema sina haja ya kukufanya kitu tena. Utajitesa mwenyewe. Baba akicheka utaumia. Akipiga mluzi utaumia. Akiuliza saa ngapi sasa, utataka kuingia chini ya kiti."

Vichekesho navyo anavyo, tena vingi. Baba wa Chumba cha Samawati ni mtu wa utani. Anamwambia jirani kwamba rangi ikibaki atampaka shemeji yake kichwani, maana pale nywele zilishahama. Watu hucheka kweli, na Mama Kimya anataka wacheke, kwa kuwa mtu aliyecheka amelegea, na aliyelegea hana ngao. Kicheko kikubwa kuliko vyote amekiweka ukurasa wa hamsini na tatu. Baada ya hapo hakuna kingine.

Kila ukurasa lazima upite mtihani wa nyumbani. Jumapili mchana mumewe, mlinzi wa ghala la saruji, huwekewa kikombe cha chai ya moto mezani, na Mama Kimya hukaa mbele yake akisoma. Mumewe haombwi maoni. Chai ikipoa bila kuguswa, ukurasa umepita.

"Mimi sanaa siijui," anasema mume huyo bila aibu. "Chai ndiyo naijua. Kuna ukurasa wa arobaini na mbili, nilimaliza kikombe nikaomba kingine. Akauchana mbele ya macho yangu. Nikamwambia mke wangu, lakini chai ilikuwa tamu! Hakunisemesha mpaka Jumatatu."

Waigizaji wa mchezo huu ni wawili tu. Jirani anaigizwa na msusi wa nywele ambaye saluni yake iko mkabala na hospitali. Baba anaigizwa na fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa mwili mkubwa anayejulikana mtaa mzima kwa jina la Fundi Cheche. Mazoezi yalifanyika ukumbini alasiri, baada ya zamu ya Mama Kimya kuisha, kwa ukuta wa plaiwudi uliopakwa samawati leo, ukarudishiwa kahawia kesho, ili upakwe tena.

Rangi lazima iwe rangi kweli. Hilo Mama Kimya hana mjadala nalo, ingawa kopo moja ni ujira wake wa siku tatu. "Harufu inafika safu ya mwisho," anasema. "Mtu akinusa rangi mbichi anajua kuna chumba kinamngoja mtu. Sihitaji kumweleza."

Siku ya kwanza ya rangi ya kweli ndiyo siku mchezo ulipotaka kufia mikononi mwao.

Fundi Cheche ni fundi. Alipewa ukuta, brashi na kopo, akafanya alivyozoea kwa mageti yake miaka ishirini: kumaliza kazi. Dakika ya ishirini na tano alikuwa amemaliza, kona zimenyooka, hata pembeni mwa swichi ya bandia amepita vizuri bila kuigusa. Akashuka kwenye stuli, akapangusa brashi, akasimama kando akiusifia ukuta kwa macho. Walikuwa ukurasa wa thelathini na moja.

"Fundi, umemaliza?" Mama Kimya aliuliza.

"Nimemaliza, Mama. Na sijamwaga hata tone."

"Mimi bado nina kurasa ishirini na tisa. Hawa watu sasa nitawakalisha hapa kwa kitu gani?"

Fundi akautazama ukuta, akamtazama yeye. "Nipige mkono wa pili?"

Msusi alicheka mpaka akakaa chini. Mama Kimya naye alicheka, kisha akachukua penseli. Alipanda stuli akachora mistari juu ya ubao, na kando ya kila mstari akaandika namba ya ukurasa. Ukurasa wa kumi usivuke hapa. Ukurasa wa arobaini uishie pale. Karibu na dirisha akazungushia kiraka kidogo cha ukubwa wa sahani, hicho kisiguswe mpaka ukurasa wa sitini.

"Kwako wewe hii ni kazi iliyobaki," alimwambia Fundi. "Kwa mtazamaji ni muda uliobaki. Hata kama hajui kama anajua, jicho lake liko hapo. Ukiwahi kumaliza umemvua nguo baba wa watu kabla sijamfikia."

Fundi Cheche anakiri kwamba somo hilo lilimtoa jasho. "Maisha yangu yote wateja wananiambia harakisha. Huyu ndiye wa kwanza kuniambia chelewa, tena chelewa vizuri. Geti nachomelea siku mbili. Ukuta huu mdogo umenichukua miezi miwili."

Tatizo la msusi lilikuwa machozi. Kila baba alipotania, yeye alilia. Mama Kimya alimvuta kando. "Mwanangu, usimlilie. Ukilia wewe watakuangalia wewe, watasema masikini yule dada. Ukijizuia hawatakuwa na wa kumwachia kazi hiyo." Akampa shughuli ya mikono: kila akijisikia kulia, akwangue rangi iliyomkaukia kwenye kucha. Ukimwona sasa anakwangua kucha, wewe ndiye unayetafuta leso.

Alhamisi ikafika. Msimamizi wa ukumbi aliingia saa kumi kamili kuchukua ukurasa wake. Mama Kimya alikuwa nao mfukoni, umekunjwa mara nne, na hakuwa amebadilisha hata nukta.

"Tazama kwanza," alimwambia. "Ukiisha nitakupa."

Msimamizi akakubali shingo upande, akaketi safu ya nyuma kabisa, funguo mapajani. Mchezo ukaanza. Alicheka kwenye kichwa cha shemeji. Alicheka tena ukurasa wa hamsini na tatu. Kisha ukuta ukabaki na kile kiraka cha ukubwa wa sahani, na baba akarudi nyuma hatua mbili akauliza, "Unaonaje, atapenda?"

Jirani hakujibu. Hapo ndipo Mama Kimya ameandika Kimya, na chini yake akaandika tena Kimya. Msusi akashika kucha zake. Fundi akachovya brashi, akainyanyua.

"Mwambie!"

Sauti ilitoka nyuma. Msimamizi alikuwa amesimama, funguo zimetawanyika sakafuni. "Mwambie, bwana! Usimfanyie hivyo mwenzio!"

Yule mtu mzima akajitazama, akaona alipo, akakaa pole pole na kuomba maji ya kunywa. Msusi ndiye aliyempelekea. Wote watatu walidhani kesi imekwisha.

Haikwisha. "Hiyo ndiyo sababu nakwambia ubadilishe," alisema msimamizi, akiokota funguo zake. "Mimi nimeshindwa kukaa kwenye kiti changu. Wewe unataka niwaweke wageni humu?"

"Ndiyo," Mama Kimya alijibu. "Hao hao."

"Basi Jumamosi sifungui mlango."

"Haya. Kaa na mlango wako."

Alitoka ameinua kichwa. Ukimuuliza leo atakwambia kwamba alipofika nje alikaa kwenye baraza akalia. "Andika tu, sioni haya," anasema. "Miaka miwili nimeandika kitu kile. Jumapili ngapi, chai ngapi. Nilijiona mjinga. Nikasema, ungeandika tu mlango ufunguke, mtoto aingie, ungepungukiwa nini? Halafu nikajibu mwenyewe. Ningepungukiwa na yule baba. Ningemwacha kwenye ngazi."

Fundi Cheche alitoka nyuma yake na stuli begani. Akamwangalia, akakohoa, mtu asiyejua kubembeleza. "Mama," akasema, "karakana yangu ina ukuta. Tangu nijenge haujawahi kuona rangi."

Jumamosi, saa tisa alasiri, jua linawaka bado. Uwanja wa karakana una mageti ambayo hayajaisha, vitanda vya chuma na madirisha ya nondo. Watu wamekaa juu ya hivyo vyote. Wengine wamegeuza makopo, wengine wamesimama. Kwa kukadiria wamepita mia mbili, na robo yao wamevaa sare za hospitali. Hakuna pazia. Hakuna taa. Kulia fundi wa mabodi ya magari anagonga nyundo, kushoto seremala anaranda kwa mashine, na Mama Kimya amesimama kando ya mtungi wa gesi, karatasi mkononi, uso umemkauka.

Msusi anamuuliza kama aende kuwaomba majirani wapunguze kelele.

"Usimwombe mtu," anajibu. "Huyu baba yuko kwake. Kwake kuna kelele za watu wanaofanya kazi. Anzeni."

Wakaanza. Jirani akawageukia watu akawaambia, na ilibidi apaze sauti kushinda nyundo, habari ya kifo ikatoka kama tangazo la sokoni. Wengine nyuma waliulizana kasemaje. Wakaambiana. Habari ikapita mstari kwa mstari mpaka mwisho wa uwanja, na ikafika kabla baba hajarudi na stuli yake. Mama Kimya anasema pale alishika kifua, maana jambo lile hakuliandika, na hajui kama angeweza kuliandika.

Ukurasa wa ishirini, mashine ya seremala ikazimwa. Mwenyewe alikuwa amesogea uzioni, vumbi la mbao kwenye nyusi. Ukurasa wa thelathini na kitu, nyundo ikapiga mara moja, ikasita, ikapiga tena, ikanyamaza kabisa. Hakuna aliyewaomba. Kufikia ukurasa wa hamsini uwanja mzima ulikuwa unasikiliza brashi. Ukuta wa matofali makavu unainywa rangi, kwa hiyo kila mpako unakwaruza, na mkwaruzo ule ulisikika mpaka barabarani.

Kiraka kikabaki. "Unaonaje, atapenda?"

Kimya. Kisha kimya kingine. Mtoto mchanga akaanza kulia, mama yake akamziba kwa kifua.

Msusi aliweka brashi chini. "Hatakuja," akasema.

Huo ndio mwisho ambao msimamizi hakuutaka. Baba hapigi yowe. Haanguki. Anachovya brashi, anakipaka kile kiraka kwa uangalifu wote wa fundi, anapitisha kidole kona ya dirisha kuondoa tone lililozidi. Anashuka. "Nimemaliza," anasema, na hajui amwambie nani.

Hawakupiga makofi. Mama Kimya alidhani wamechukia. Kisha seremala akaruka uzio, akaenda mpaka kwa Fundi Cheche, akamshika mkono uliojaa rangi. "Pole sana, kaka," alimwambia. Nyuma yake akaja mwanamke mwenye sare ya wauguzi. "Pole, baba." Nyuma yake mwingine. Ikawa foleni. Watu wazima, wenye akili zao, wanaomjua Fundi wanampa kazi kila mwezi na wanajua fika hana binti wa miaka tisa, walipanga mstari mmojammoja kumpa mkono wa pole, na Fundi akawa anaipokea, "ahsante, ahsante," machozi yakimteremka mpaka kidevuni. Waliondoka mikono yote ina samawati.

"Waliniambia watu wanataka kufurahi," anasema Mama Kimya. "Sibishi. Lakini uliwaona? Kuna watu pale walikuwa na pole ya zamani, hawajui wampe nani."

Jumatatu msimamizi wa ukumbi alituma ujumbe. Mlango utafunguliwa mwezi ujao, mwisho ubaki ulivyo, ila mchezo ukiisha apande yeye jukwaani aseme maneno machache ya faraja. Jibu lilirudi siku hiyohiyo, na halikuwa refu. Hakuna atakayepanda.

Sasa dobi huyu ana jambo lingine. Wiki tatu zilizopita aliuandikia uongozi wa hospitali barua ya mistari minne, akiomba Chumba cha Samawati kioneshwe mchana katika ukumbi wa kungojea wagonjwa, na safu za mbele wakae madaktari na wauguzi, watu ambao kila wiki ni zamu yao kufungua mdomo na kuwaambia ndugu habari ya kifo. Hajajibiwa. Mkuu wa kitengo chake amemwonya kwamba dobi haandikii uongozi barua. Juzi akaandika ya pili.

Tumerudi chumba cha kufulia. Toroli jingine limeingia, na Mama Kimya analivuta kwa mikono miwili. Ninamuuliza, kwa kupaza sauti, atafanya nini kama uongozi utakubali kwa sharti lilelile, mlango ufunguke na mtoto aingie.

Anaacha kuvuta. Anajipangusa jasho kwa mgongo wa kiganja, ananiangalia kana kwamba mimi ndiye uongozi.

"Wao ndio wenye uwezo wa kubadilisha mwisho, si mimi," anasema. "Wakitaka mtoto arudi nyumbani saa kumi, wamponye."